Magofu Aliyoyachagua Suad

Suad binti Khalfan alikuwa na wivu, na hakuna aliyemjua asiyelijua hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Si wivu wa mume. Mume wake, Msabaha, aliendesha basi la Landani mpaka akastaafu, na siku hizi kazi yake ni kumenya viazi na kulala mbele ya televisheni katika nyumba yao ya Rayners Lane. Hata angetaka kumpa mkewe sababu ya wivu asingejua aanzie wapi. Wivu wa Suad ulikuwa wa vitu vya kawaida kabisa. Kule kwenye kliniki ya meno ya Harrow anakokaa mapokezi, mwenzake Alka akiletewa chokoleti na wagonjwa, Suad hukosa raha mpaka saa ya kutoka, ingawa yeye chokoleti hali, ana sukari. Jirani akipaka mlango rangi mpya, Suad huuangalia wake kama mlango uliomvunjia heshima. Hata akisikia kuwa fulani kazikwa na watu wengi, hujiuliza wa kwake watafika au hawatafika. Ndivyo alivyo, na ukimwambia hakatai.

Lakini wivu mkubwa, ule wa kumkaa rohoni, ulikuwa wa Afnan. Afnan ni mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya miaka mingi ya kuambiwa avute subira na watu waliokuwa na watoto sita sita. Alimlea kama mtu anavyobeba chungu cha maji ya moto, kwa mikono miwili na macho hayatoki. Kisha Afnan akakua, akawa mwalimu wa shule ya msingi, akaolewa na kijana anayeitwa Asad, na pamoja na Asad akaja Bi Nurjehan wa Stanmore, mama yake Asad.

Bi Nurjehan ni Mhindi wa Tanga. Alifika Landani akiwa msichana mdogo, lakini Kiswahili chake hakikuganda. Akiongea kwa simu bila ya kumuona ungedhani ni mtu wa barabara ya tatu tu kule Tanga. Mjane, nyumba kubwa, bustani imekatwa vizuri. Ubaya mkubwa wa Bi Nurjehan ni kwamba hakuwa na ubaya. Suad aliutafuta kwa bidii tangu siku ya posa na hakuupata. Mwanamke alikuwa mkarimu, hasemi watu, anapika, na kila asubuhi humpelekea Afnan ujumbe wa kumtakia siku njema, jambo ambalo Suad hakuwahi kulifikiria, na sasa hawezi tena kulifanya kwa sababu itaonekana kaiga. Afnan humwita mama yake Mum, na mama mkwe wake humwita Mummy. Yeye alidhani kapanga vizuri ili watu wasichanganyike. Suad aliona tu kwamba mwenzake kapewa jina refu zaidi.

Sasa haya mambo ya Wamaya yaliingiaje katika nyumba ya watu wa Wete, Pemba? Yaliingia kupitia shuleni. Afnan akiwa na miaka tisa, mwalimu wao aliwapa kazi ya kusoma habari za Wamaya wa kale, wale waliojenga miji ya mawe katika misitu ya Meksiko na Guatemala, kisha miji ikahamwa na msitu ukaifunika. Wakati huo Suad alikuwa akisafisha maofisi alfajiri, na Kiingereza chake kilikuwa cha ndoo na fagio. Akaazima vitabu maktaba, mama na mtoto wakakaa chini kwenye zulia, mama akisoma polepole na mtoto akimsahihisha. Wakajenga hekalu kwa maboksi ya nafaka za asubuhi. Gundi ilipoisha wakatumia uji wa unga wa ngano. Katika mahekalu yote waliyoyasoma, moja lilimteka Suad, lililoko Palenque, ambako ndani ya hekalu mna ngazi zinazoshuka mpaka kaburini kwa mfalme, na mfalme mwenyewe kavikwa kinyago cha mawe ya kijani. Ngazi zilijaa vifusi kwa mamia ya miaka, watu wakapita juu yake hawajui kuwa mwenye nyumba yuko chini.

"Nikiwa mkubwa nitakupeleka, Mum," Afnan alimwambia, vidole vimeganda gundi.

Maneno ya mtoto. Pengine aliyasahau kabla ya chakula cha usiku. Suad hakuyasahau, na ukweli ni kwamba katika ahadi zote alizowahi kupewa na watu wazima, wakiwamo wa uhamiaji, hakuna aliyoitunza kama ile.

Ndiyo maana, jioni moja ya Novemba, Afnan alipokuja kula kwao kama ada yake ya kila Ijumaa, akavua viatu, akavuta kiti na kusema, "Mum, me and Asad tunaenda Mexico, half-term ya February, shule zikifungwa. Kuona zile Maya ruins. D'you want to come?", moyo wa Suad uliruka kweli kweli. Aliusikia. Alishika ukingo wa meza.

Na mdomo ukasema, "Mie? Mie nende Meksiko kufanya nini mwanangu, na miguu hii? Nendeni zenu nyie vijana."

Lazima lielezwe hili, maana asiyelijua atadhani Suad alikuwa hataki. Kule Wete alikokulia, mtu hapokei jambo mara anapopewa. Ukipita kwa jirani wanakula, utakaribishwa, nawe utasema umeshiba, hata kama tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Mwenye nyumba atakushika mkono, atakwambia hata tonge moja. Utakataa tena, lakini sauti itakuwa imelegea. Atakuvuta tena. Hapo sasa utakaa, na utakula sawasawa. Anayekubali mara ya kwanza ni kama mtu aliyekuja kwa ajili ya sahani. Na kwa kuwa wote wanaujua utaratibu huo, hakuna anayelala na njaa.

Basi Suad alikuwa ameshakataa mara ya kwanza, vizuri tu, kwa mujibu wa malezi yake. Akasubiri kuvutwa mkono. Hapana ya pili alikuwa nayo tayari, ile iliyolegea, na baada yake alikuwa ameandaa mpaka sura ya kukubali, ya mtu aliyeshindwa kwa mapenzi ya watu.

Afnan, aliyezaliwa hapo hapo Harrow, alimtazama mama yake kidogo. "Okay, Mum," akasema. "No worries." Kisha akauliza kama mchuzi umebaki.

Jumapili akapiga simu. Mummy anakwenda nao.

Suad alisema mashaallah, akasema salama, akamuombea kila mtu heri, akaiweka simu mezani kama kitu kichafu. Mwili mzima ulimuwaka. Akaingia jikoni, akatoa sufuria zote kabatini, akaanza kuziosha upya, na zilikuwa safi. Msabaha alikuwa pale pale na viazi vyake, akatazama sufuria mbili zikipita, ya tatu akauliza kulikoni.

"Bi Nurjehan anakwenda Meksiko."

"Si uliulizwa wewe kwanza?"

"Niliulizwa mara moja."

Msabaha, mtu wa Wete mwenzake, alielewa pale pale. Akatikisa kichwa. "Mwambie mtoto unataka kwenda."

"Nijialike mwenyewe? Kwa mtoto niliyemzaa?"

"Ndiyo. Huyo hajui hayo mambo yetu. Mwambie."

Lakini Suad aliona heri avuke barabara kuu bila viatu kuliko kusimama mbele ya mwanawe na kusema nami nataka. Mtu aliyezoea kuombwa akaanza kuomba, amebakiwa na nini? Aliyoyataka yalikuwa wazi na hayakuwa mengi. Alitaka kwenda na mwanawe. Alitaka mwanawe amtake. Na alitaka Bi Nurjehan abaki Stanmore aangalie bustani yake.

Siku mbili tatu baadaye Afnan akaleta kidonda kingine. Alipiga simu akiwa kwenye basi. "Mum, wewe unajua hii Maya stuff kuliko sisi. Tuna wiki moja tu, so we can only do two places properly. Utuchagulie? Lakini Mummy's knees, you know, sio nzuri. Nothing too mad."

Yaani hakualikwa kula, lakini kaombwa atengeneze chakula. Suad akasema sawa, atatazama.

Na alitazama. Alitazama video za magofu kwenye treni ya kwenda kazini, akatazama wakati wa chakula cha mchana, simu kaiegemeza kwenye kopo la kalamu huku Alka akipokea chokoleti zake. Angekuwa mtu mwenye roho nyeupe angeuliza mahali gani pazuri, mahali gani pana historia. Yeye kila gofu alilipima kwa Bi Nurjehan.

Kwanza alipenda Calakmul. Iko ndani kabisa ya msitu, karibu na mpaka wa Guatemala, unasafiri mpaka unachoka, na ukifika kuna mapiramidi marefu yenye ngazi zilizosimama. Alimuona Bi Nurjehan kakaa chini kwenye jiwe, anajipepea, magoti yamemgomea, wenzake wako juu. Akaifurahia picha hiyo kwa stesheni moja nzima. Kisha picha ikageuka yenyewe. Akamuona Afnan kashuka, kamshika mkono mkwewe, anampandisha ngazi moja moja, pole pole Mummy, weka mguu hapa Mummy. Suad akaifunga video. Hapana, Calakmul haifai.

Tikal nayo ilikuwa nchi nyingine, safari ya kuvuka mpaka. Ingekula wiki yote. Uxmal aliipenda mno, piramidi lake lina mbavu za mviringo na watu si wengi. Na hilo ndilo lililoiponza. Mahali penye utulivu watu huzungumza, na wakizungumza huzoeana, na hao wawili walikuwa wameshazoeana vya kutosha.

Chichén Itzá je? Hapo pakampendeza. Jua kali, watalii kwa mabasi, wachuuzi kila upande, piramidi kubwa limefungwa kamba na hakuna anayeruhusiwa kupanda. Unasimama chini unapiga picha umesimama na watu usiowajua, unarudi garini. Na Tulum iko juu ya bahari, magofu madogo, mijusi mikubwa, mabasi pia tele. Pazuri, lakini mtu anatoka pale anakumbuka bahari, hakumbuki aliyekuwa naye. Basi hizo mbili.

Palenque aliiacha mwisho, na hakuihitaji video. Aliijua. Ukungu wa asubuhi juu ya miti, nyani wanaonguruma utadhani simba, mahekalu meupe yametokeza msituni. Ile njia ya kushukia kaburini imefungwa kwa wageni siku hizi, lakini mbele ya hekalu unasimama, nayo iko chini yako. Treni mpya inafika mpaka huko, magoti ya Bi Nurjehan yasingeona tabu. Palikuwa panafaa kuliko pote, na Suad alilijua hilo vizuri. Akajaribu kumuweka Bi Nurjehan pale mbele ya hekalu, kasimama na Afnan, Afnan anamuonyesha kwa kidole. Akaizima simu. Ile ilikuwa yao. Kama yeye hafiki, basi isifikwe.

Akarekodi ujumbe wa sauti, kwa sauti tamu kabisa: Chichén Itzá na Tulum, mwanangu, hapo mtafurahi.

Kilichotakiwa baada ya hapo ni kulipia tu, na siku ya kulipia Bi Nurjehan akaita watu wote kwake kula mchana. Suad alivaa vizuri kupita kiasi. Msabaha aliendesha gari mpaka Stanmore, na walipofika mlangoni akamgeukia. "Leo iko nafasi," akasema. "Sema."

Suad akajifanya hakusikia.

Chakula kilikuwa cha kumuudhi mtu. Pilau imekaa punje punje, kachumbari, kuku wa nazi, na achari ya ndimu ambayo Suad alijua kwa ulimi wa kwanza kuwa ni bora kuliko yake. Walipomaliza, Asad akaunganisha kompyuta na televisheni kubwa, hoteli zikatokea ukutani. Asad ni kijana mpole, mwenye kuogopa kukosea, kila kitu anakiuliza mara mbili kwa mkewe.

"So, Chichén Itzá na Tulum," akasema, akimwangalia Suad. "As per Mama."

"Na hii Palenque, mkwe?" Bi Nurjehan akamgeukia Suad. Alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea, na uso umejaa shauku kama wa mtoto. "Nimeiangalia mwenyewe. Afnan kanihadithia mlivyojenga hekalu la maboksi, gundi ikawaishia mkatia uji. Nimecheka mpaka basi. Nikasema mahali hapo sharti nipaone."

Damu ilimpanda Suad mpaka masikioni. Kamhadithia mpaka uji! Katika nyumba hii yenye mazulia yasiyowahi kumwagikiwa gundi, uji wake umehadithiwa, umechekewa, umeshakuwa wa watu wote.

"Palenque hapana kitu, mkwe," akasema. Alishangaa mwenyewe jinsi sauti ilivyotoka shwari. "Mvua na mbu. Ngazi zenyewe wamezifunga. Mtamaliza siku mbili njiani kwenda kutazama mawe yaliyoota majani."

Afnan akainua uso. "Really, Mum? Nilidhani that's your favourite."

"Nilipenda picha, mwanangu. Picha zinadanganya watu."

Afnan aliendelea kumtazama, kama anayesubiri kitu, kisha akainamisha macho. "Okay," akasema polepole. "Basi, leave it. Asad, weka hizo mbili."

Suad alikuwa ameshinda. Alijua ameshinda kwa sababu alijiongezea achari. Palenque imebaki mahali pake, na hakuna wa kuigusa. Akanyanyuka na sahani kuelekea jikoni, mwepesi, na Bi Nurjehan akamfuata kwenda kupika chai.

Jikoni Bi Nurjehan alitia maji, akatia maziwa, akaponda hiliki. Hakuwa na haraka. Kisha akasema, akiwa kampa mgongo, "Nikuulize, mkwe. Kwa nini uliikataa safari?"

"Safari gani?"

"Hii. Afnan alitoka kwako siku ile akaja hapa macho mekundu. Safari ilikuwa yako. Asad kajipachika tu. Yule mtoto alitaka kukupeleka wewe, alikuwa na mpango huo tangu mwaka jana."

Suad alishika sahani aliyokuwa akiifuta, akaendelea kuifuta.

"Nikamwambia rudi kamuulize tena," Bi Nurjehan akaendelea. "Nikamwambia mimi nawajua hawa, mwanamke wa Pemba hakubali mara ya kwanza, wala ya pili. Akanambia, Mummy, she said no. Anasema kama mama yake hataki kwenda naye, hawezi kumlazimisha. Ndiyo wanavyofundishwa huku, mtu akisema hapana ni hapana. Na mie mwenyewe aliponiuliza si nikajibu vivyo hivyo? Nikasema ah, mie wa nini. Akageuka anaondoka. Nikamshika nguo, nikamwambia ngoja, nakuja, nakuja."

Kwa wakati mwingine Suad angecheka. "Na ulijua kama nataka," akasema.

"Nilijua."

"Hukuniambia."

Bi Nurjehan akageuka. Hakuonekana kuona haya, wala kujitetea. "Kwa sababu na mie nilitaka kwenda naye. Unadhani ni wewe peke yako, mkwe? Kila Ijumaa anakula kwako. Mie kila Ijumaa nakaa hapa na Asad tunatazamana. Akija kumchukua mumewe anaanza, Mum kapika hivi, Mum kasema vile. Nilipoalikwa nikasema, na iwe mara moja tu, na mie."

Chai ikapanda, akaiwahi. Suad akasimama na kitambaa mkononi. Mtu uliyemtafutia ubaya miaka yote, na hatimaye umeuona, na ni ule ule wako. Jambo la ajabu ni kwamba haukumpunguzia wivu hata chembe. Lakini macho mekundu ya Afnan yalimchoma kuliko wivu. Mtoto alikuwa ametoka nyumbani kwake analia, naye alibaki nyuma akingoja avutwe mkono.

Akatoka jikoni bila kuweka kitambaa.

Sebuleni Msabaha alikuwa ameshaanza kusinzia, Asad yuko kwenye kompyuta, Afnan kakunja miguu kwenye kochi. Hakuna aliyemuuliza Suad kitu chochote. Hilo ndilo lililokuwa gumu, maana hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna karibu, hakuna mkono. Alisimama katikati ya zulia la watu, mtu mzima, anajisikia hana nguo.

"Afnan," akasema. "Nataka kwenda."

"Nyumbani? Chai bado, Mum."

"Meksiko. Nataka kwenda na wewe. Na Palenque pazuri. Pazuri kuliko pote huko. Nilisema uongo."

Msabaha akafumbua jicho moja. Asad akatoa mkono kwenye kompyuta kama aliyeunguzwa. "Mama," akasema kwa huruma, "I've just paid. Hoteli zote mbili. Hawarudishi."

Afnan hakumtazama Asad. Alishusha miguu chini. "Mum, si ulisema hapana?"

"Nilikuwa nangoja uniulize tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka leo," akasema Suad.

Afnan akafunika uso kwa viganja, akavuta pumzi, akaviondoa. Macho yalikuwa yamelowa, na yalikuwa na hasira pia, hasira ya haki. "Na Palenque? Umeniambia hamna kitu. Niliacha because you said so. I wanted that one, Mum. Tangu mdogo."

"Najua."

"So why?"

Suad akakikunja kitambaa mkononi. Nyuma yake alisikia vikombe vikigongana kwenye sinia, akajua Bi Nurjehan kasimama mlangoni.

"Hebu niambie ukweli," Afnan akasema, safari hii kwa Kiswahili kitupu, taratibu, kama anavyoongea na watoto wa darasani kwake. "Wewe unataka kuja, au unataka Mummy asije?"

Ungetegemea aseme nataka kuja tu. Yeyote angesema hivyo, na mambo yakaisha salama.

"Yote mawili," akasema Suad.

Sinia lilitua mezani. Asad aliangalia zulia. Kisha Bi Nurjehan akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mabega, mpaka akavua miwani. "Angalau kasema," akasema. "Mie sikuthubutu kusema yangu."

Afnan hakucheka. Alikuwa anafikiri, uso umekaza, na Suad akaona kwa mara ya kwanza kwamba mtoto huyu anapokasirika anafanana na yeye. Akaivuta kompyuta ya Asad, akatafuta. "Ndege kuna nafasi," akasema mwishowe. "Hoteli zimejaa. Kuna chumba cha Mummy tu, kina vitanda viwili. Utalala na yeye wiki nzima. Na Palenque hatuendi, Mum. Hiyo umeiondoa wewe."

"Nitalala naye."

"Na hutanuna."

"Nitanuna," Suad akasema. "Lakini nitakwenda."

Hapo Afnan akanyanyuka, akaja, akamkumbatia mama yake kwa nguvu, na kichwa akakiegemeza shingoni kwake kama alivyokuwa akifanya zamani akitoka shule. Alikuwa analia kidogo. Suad naye alimkumbatia kwa mikono miwili, kitambaa cha vyombo bado kimo mkononi, na juu ya bega la binti yake akainua macho kuangalia kama Bi Nurjehan anaona. Alikuwa anaona.